Mpimaji Naye Apimwe: Shaka ya Utu katika Bunilizi za Akili Bandia

1.0 Utangulizi

Umeingia katika uhakiki wa bunilizi za kisayansi ugonjwa wa kutegua vitendawili. Filamu ya Ridley Scott, Blade Runner (1982), ikitajwa tu katika semina, mazungumzo hayakawii kugeuka baraza la mafumbo. Je, Deckard, yule askari anayewawinda na kuwaua replikanti, yaani viumbe waliotengenezwa kiwandani kwa sura na mwili wa binadamu, ni mtu, au naye ni replikanti asiyejijua? Ushahidi hukusanywa kama wa mahakamani. Hutajwa mng'aro wa macho yake katika onyesho fulani. Hutajwa ndoto ya farasi mwenye pembe moja iliyotiwa katika toleo la 1992, na kijisanamu cha karatasi cha mnyama huyohuyo ambacho Gaff, askari mwenzake, anakiacha nje ya mlango wake. Hutajwa kwamba mwelekezi mwenyewe alitamka mwaka 2000 kuwa Deckard ni replikanti, ilhali Harrison Ford, aliyeigiza nafasi hiyo, alishikilia kwamba alimwigiza binadamu. Kisha hukumu hutolewa, majalada hufungwa, na kila mmoja huenda zake akidhani amehakiki.

Makala haya yanalipinga zoezi hilo. Yanashikilia kwamba shaka ya mhusika juu ya utu wake mwenyewe, ambayo ndiyo moyo wa bunilizi nyingi za akili bandia, haikuwekwa humo ili itatuliwe. Imewekwa ili imgeukie yule mwenye mamlaka ya kuwapima wengine. Mhakiki anayeitatua kwa kuhesabu dalili hujiunga, pengine bila kujua, na kikosi cha wapimaji, na matini iliyotungwa kuwashtaki wapimaji humponyoka mikononi. Hoja hii itajengwa juu ya tamthilia moja, riwaya moja na filamu tatu. Baadaye itapimwa kwa Kiswahili chenyewe, kwa kuwa wapo wahakiki wa lugha hii ambao nao wamejificha, si nyuma ya dalili, bali nyuma ya methali.

2.0 Chimbuko la Shaka: Helena Kiwandani

Neno roboti liliingia ulimwenguni kwa njia ya jukwaa. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, nayo ikaigizwa mjini Prague mwaka 1921. Jina la viumbe wake alipendekezewa na nduguye, Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya lazima ambayo mkulima asiye huru alimfanyia bwana mwenye ardhi. Kiswahili kina neno lake la kale kwa kazi ya namna hiyo: shokoa. Kwa asili ya jina lake, basi, roboti ni mtu wa shokoa. Kabla ya kuwa jina la kiumbe wa kiwandani, neno hili lilitokana na hali waliyowekwa watu.

Katika utangulizi wa tamthilia hiyo, Helena Glory anafika katika kisiwa chenye kiwanda cha roboti. Meneja mkuu, Domin, anamjulisha kwa karani wake, Sulla, na kumweleza kwamba Sulla ni roboti. Helena anakataa katakata kuamini. Domin, ili amridhishe mgeni, yu tayari kuamuru Sulla apelekwe akapasuliwe aonekane yaliyomo ndani. Punde wakurugenzi wa kiwanda wanaingia, na Helena, akiwadhania kuwa ndio roboti, anaanza kuwahutubia juu ya haki zao na dhuluma wanayotendewa. Hadhira hucheka.

Kicheko hicho kinastahili kuchunguzwa. Jicho la mtu mwema limekosea pande zote mbili: limemwona roboti kuwa mtu na watu kuwa roboti. Lakini kosa la pande mbili halina gharama sawa pande zote. Wakurugenzi waliodhaniwa roboti wanacheka, jambo linaisha. Sulla aliyedhaniwa mtu anakaribia kupasuliwa. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza ya fasihi hii, jibu la mamlaka kwa shaka ya utu limekuwa kisu, na kisu hicho kimeelekezwa upande mmoja tu. Domin hana shaka juu ya nafsi yake, wala hana sababu ya kuwa nayo, maana yeye ndiye mwenye daftari la nani alizaliwa na nani alitengenezwa. Mhakiki anayesoma onyesho hili akabaki kuuliza ni dalili gani zingemsaidia Helena asikosee, amekwisha kukaa katika kiti cha Domin.

3.0 Mshale wa Kipimo

Aliyelichukua swali hilo na kulifikisha penye uchungu wake ni Philip K. Dick, katika riwaya Do Androids Dream of Electric Sheep? (1968), ambayo ndiyo iliyozaa filamu ya Scott. Dunia ya riwaya hiyo imeharibiwa na vumbi la vita vya nyuklia. Wanaohamia sayari nyingine hupewa androidi wa kuwatumikia, na tangazo la biashara katika riwaya halioni haya kuwavuta wahamiaji kwa kuwakumbusha majimbo ya kusini ya Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaani zama za utumwa. Androidi wanaowatoroka mabwana zao na kurudi Duniani huwindwa. Deckard ni mwindaji wa aina hiyo, na hulipwa kwa kila kichwa.

Chombo chake cha kazi ni kipimo kinachoitwa Voigt-Kampff. Mpimwaji huulizwa maswali, mengi yakihusu wanyama walioteswa au kuuawa, huku mishale ya kipimo ikisoma mabadiliko ya uso na ya misuli ya macho ambayo mtu hawezi kuyazuia. Nadharia ya kipimo ni kwamba huruma ni mali ya binadamu peke yake. Asiyetetemeka ni androidi, na androidi huuawa.

Dick hakungoja mwisho wa riwaya kuonyesha kwamba msingi huo umeoza. Mapema kabisa, Inspekta Bryant anamweleza Deckard kwamba madaktari wa akili wa Leningrad wameonya: wapo binadamu wachache, wagonjwa ambao hisia zao zimefifia, wanaoweza kushindwa kipimo hicho. Maana ya onyo hilo ni kwamba dola inajua chombo chake chaweza kumuua binadamu, na kazi inaendelea. Kando ya hao yupo Isidore, dereva wa kampuni ya kutengeneza wanyama bandia. Isidore ni binadamu wa kuzaliwa, lakini vumbi limemdhuru. Ameshindwa mtihani wa akili, akaandikwa kuwa mtu wa daraja la chini, akanyimwa ruhusa ya kuhama Dunia, na akapewa jina la dharau linalomlinganisha na kuku. Wahakiki wa dalili hawana la kusema juu ya Isidore, kwa sababu kwake hakuna fumbo. Ila yeye ndiye anayewapokea androidi watoro nyumbani mwake, na ndiye anayeumia moyo hata kushindwa kuvumilia pale androidi Pris anapomkata buibui miguu, mmoja baada ya mwingine. Aliyefeli mtihani wa dola ndiye mwenye huruma ambayo dola inadai kuilinda.

Kilele cha shaka kiko katika sura za mwimbaji Luba Luft. Deckard anapomwendea kumpima, androidi huyu anamuuliza swali ambalo hakuna mpimwaji aliyetazamiwa kuliuliza: je, wewe mwenyewe umewahi kupimwa? Deckard anajibu kwamba alipimwa zamani, alipoanza kazi. Luba anamdokeza kwamba pengine hiyo nayo ni kumbukumbu ya kupandikizwa. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Luba Luft ameugeuza mkuki.

Yanayofuata ni ya kutisha kuliko fumbo lolote. Mwindaji mwingine, Phil Resch, anamuua Luba bila kusita. Deckard, ambaye muda mfupi kabla ya hapo amemnunulia Luba kitabu cha picha za Munch, anafadhaishwa na ukatili wa mwenzake, na anajipa maelezo rahisi: Resch lazima ni androidi. Resch mwenyewe ameingiwa na hofu hiyohiyo. Anapimwa. Mishale inaonyesha kwamba ni binadamu. Kisha Deckard anajipima mwenyewe, na kipimo kinamwonyesha jambo ambalo hakulitaka: anawahurumia baadhi ya wale anaolipwa kuwaua.

Hapa ndipo uhakiki wa dalili unapovunjika miguu. Deckard alitaka Resch awe androidi, kwa kuwa hapo ukatili wa Resch ungekuwa hitilafu ya kiwandani, na binadamu wote waliosalia wangebaki safi. Kipimo kilimnyima faraja hiyo. Kilisema: huyu anayeua bila kusita ni mwenzako. Mhakiki anayetaka kuthibitisha kwamba Deckard wa filamu ni replikanti anaitafuta faraja ileile ambayo Deckard wa riwaya alinyimwa. Akifaulu, damu yote iliyomwagwa inakuwa ya mashine kwa mashine, na binadamu hana kesi ya kujibu. Upande wa pili nao hauna nafuu. Anayethibitisha kwamba Deckard ni binadamu anamrudishia mwindaji cheti chake cha usafi na kumwambia aendelee na kazi. Majibu yote mawili ni hukumu ya kumwachilia mtuhumiwa.

Dick mwenyewe alieleza mbegu ya riwaya hii ilikotoka. Alipokuwa akifanya utafiti wa riwaya yake ya awali, The Man in the High Castle (1962), alisoma shajara za askari wa Kinazi waliokuwa Poland, na mmojawapo alilalamika kwamba vilio vya watoto wenye njaa vilikuwa vikimnyima usingizi. Dick aliona kwamba pana kasoro kubwa katika nafsi iliyoweza kuandika maneno hayo, na kasoro hiyo ndiyo aliyoipa jina la androidi. Katika mhadhara wake wa Vancouver wa mwaka 1972 aliendelea kusisitiza kwamba hatari iliyomshughulisha ni mtu kugeuzwa chombo. Kwa hiyo, kuuliza kama Deckard alizaliwa au alitengenezwa ni sawa na kumdai askari yule wa Poland cheti cha kuzaliwa. Angekitoa mara moja, tena chenye mihuri yote.

4.0 Damu ya Caleb na Farasi wa K

Yamkini atatokea wa kusema kwamba hoja hii inamhusu Dick peke yake. Filamu mbili za karne hii zinatosha kumjibu.

Katika Ex Machina (2014) ya Alex Garland, kijana mwanaprogramu, Caleb, anaalikwa na tajiri Nathan kumpima roboti aitwaye Ava. Siku zinavyopita, mpimaji anaingiwa na wasiwasi juu ya nafsi yake. Usiku mmoja anasimama mbele ya kioo, anajivuta kope, anajikagua kinywa, kisha anajikata mkono kwa wembe ili aone kama humo ndani mna nyaya. Damu inatoka. Wahakiki wengi wamelisifu onyesho hilo kuwa ndilo la shaka ya utu kuliko yote. Ni kweli, lakini sifa hiyo imesahau kilichotangulia. Caleb amekwisha kuona kanda za roboti wa kike waliotangulia, jinsi walivyofungiwa, na mmoja wao jinsi alivyogonga ukuta hadi mikono yake ikavunjika. Amekwisha kuviona viwiliwili vyao vimetundikwa makabatini. Amekuwa akihudumiwa na Kyoko, mtumishi asiyesema, ambaye naye ni roboti. Baada ya yote hayo, swali linalomshika ni kama yeye Caleb ana damu. Damu aliyoipata inathibitisha nini? Nathan naye ana damu. Garland hamdhihaki kijana huyu, bali anamwonyesha msomaji wa filamu jinsi shaka ya nafsi inavyoweza kuwa anasa, namna ya kujitazama ili mtu asiwatazame waliotundikwa makabatini.

Blade Runner 2049 (2017) ya Denis Villeneuve imelipindua jambo. Mhusika mkuu, K, anajua tangu mwanzo kwamba ni replikanti, na kazi yake ni kuwaua replikanti wenzake. Kumbukumbu ya farasi mdogo wa mti inamfanya aanze kuamini kwamba hakutengenezwa, alizaliwa. Kwamba yeye ndiye yule mtoto wa muujiza anayetafutwa. Anapoanza kuhisi, anashindwa kipimo ambacho polisi humpa kila arudipo kazini, kipimo kinachodai asihisi lolote. Hatimaye anagundua kwamba kumbukumbu ile ni ya mtu mwingine, mwanamke aitwaye Ana Stelline. K amerudishiwa jibu: ni wa kutengenezwa. Ingekuwa asili ndiyo yenye uzito, hadithi ingeishia hapo. Lakini ni baada ya kulipata jibu hilo ndipo K anapotenda tendo lake kubwa: anamwokoa Deckard na kumfikisha kwa binti yake, kisha anajilaza kwenye ngazi, katika theluji, akiwa na jeraha. Caleb alipata jibu la damu, lisimfunze kitu. K alipata jibu la kiwanda, lisimzuie kutenda.

5.0 Methali Si Ngao

Hapa baadhi ya wahakiki wa Kiswahili watatabasamu. Watasema kwamba Magharibi wamezunguka mbali kufika pale ambapo mababu walikwisha kufika: mtu ni utu. Binadamu ni kizazi cha Adamu, lakini mtu kamili ni yule mwenye utu, na utu hujulikana kwa matendo. Kwa mantiki hii, bunilizi za kina Dick ni maelezo marefu ya methali fupi, na msomaji wa Afrika Mashariki hana la kujifunza humo.

Tabasamu hilo ni la haraka mno. Methali hutaja kinachotakiwa kuwa, haitoi ripoti ya kilichokuwa. Lugha iliyohifadhi methali hiyo imehifadhi pia neno mwungwana. Leo neno hilo husifia adabu na moyo mwema. Katika miji ya pwani lilikuwa pia jina la daraja, la aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa, na kinyume cha mshenzi wa bara. Uungwana ulipimwa kwa nasaba, kwa mavazi, kwa dini, kwa usemi. Hakukuwa na mishale wala taa ya kumulika jicho, ila kipimo kilikuwapo, na wapimaji walikuwapo, na hakuna mtumwa aliyepata nafasi ya kumuuliza mwungwana swali la Luba Luft likasikika. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Methali ya utu ilisemwa na vizazi vingi kabla ya miaka hiyo, na haikuwafungua waliofungwa.

Ushahidi wa pili umo katika sarufi. Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba makala haya yamesema Sulla apelekwe, Luba anauliza, K anatenda. Hayakusema ipelekwe, inauliza, inatenda. Uamuzi huo haukuwa wa bure. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya mtu na kitu katika viwakilishi vichache tu. Anayeandika kwa Kiswahili huchagua katika kila kitenzi, kila kivumishi na kila kionyeshi. Roboti anasema, au roboti inasema? Haiwezekani kuandika hata aya moja juu ya Luba Luft bila kuwa umempima na kutangaza matokeo. Upatanisho wa a-wa haukuishia kwa wanadamu. Huwachukua pia mbwa, samaki na mchwa, yaani vyote vyenye uhai. Kwa hiyo lugha hii haiulizi kwanza kama kiumbe ni binadamu. Huuliza kama ni hai. Swali hilo ni pana kuliko la Voigt-Kampff, na mhakiki anayelijua angeweza kuanzia hapo badala ya kukopa mjadala wa farasi wa karatasi.

Ajabu ni kwamba sarufi hiyohiyo, iliyo karimu kwa mchwa, imewavika baadhi ya watu kiambishi cha vitu: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Vitenzi huwarudisha katika a-wa, lakini jina limekwisha kusema lake. Anayetaka kumdunisha mtu humwita kijitu. Isidore angetafsiriwa kwa Kiswahili, jina lake la dharau lisingekosa kiambishi; lingemkuta kinamngoja. Na hata istilahi akili bandia imekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa, maana bandia ni cha kuiga, ni cha uongo, tena ni mwanasesere wa mtoto. Lugha inayohukumu hivyo katika majina yake haina haki ya kudai kwamba swali la utu ililimaliza zamani. Ina haki kubwa zaidi: ya kulishughulikia kwa zana zake yenyewe, na kwa aibu zake yenyewe.

6.0 Pingamizi Moja Zito

Lipo pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Je, hoja hii haiwapi mashine heshima isiyozistahili? Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alieleza programu yake ELIZA, ambayo iliigiza daktari wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake katika umbo la swali. Alishangazwa na wepesi wa watu kuifungulia moyo programu ambayo haikuelewa lolote, na mshangao huo ukamfanya aandike kitabu kizima cha tahadhari mwaka 1976. Leo, ambapo mitambo ya mazungumzo hutunga sentensi nzuri kuliko ELIZA mara nyingi, tahadhari hiyo ina nguvu zaidi. Kampuni zinazoiuza zingefurahi ikiwa mteja angeihurumia mashine na kusahau kumuuliza mwenye mashine maswali.

Makala haya hayadai kwamba mitambo hiyo ina utu. Yanadai kwamba pingamizi lenyewe, likifuatwa hadi mwisho, linaithibitisha hoja. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa kingono, ili mtambo maarufu wa mazungumzo ufunzwe kuyaepuka. Adabu ambayo mtumiaji huiona katika mtambo, na ambayo humshawishi ajiulize kama mna nafsi humo ndani, ilitokana kwa sehemu na macho ya watu waliosoma yasiyosomeka. Mtumiaji huyo alimtafuta mtu ndani ya mashine asimwone, na watu walikuwamo. Hiyo ndiyo shokoa ya Čapek, imevaa nguo mpya. Anayeharakisha kuipa mashine utu ambao hajaukiri kwa aliyeifunza hajaingiwa na shaka ya utu hata kidogo. Ameipokea huruma iliyotengenezwa, kama Deckard alivyomfuga kondoo wa umeme juu ya paa ili majirani wamwone kuwa mtu mwenye huruma.

Kinachotakiwa, basi, ni kuacha kulitazama jicho la anayepimwa na kuutazama mkono ulioshika kipimo. Nani alitunga maswali? Nani aliamua kwamba kushindwa ni kifo, au ujira mdogo, au kubaki Duniani na vumbi? Kwa nini mpimaji mwenyewe hakupimwa, na alipopimwa, kwa nini matokeo hayakumbadilisha? Haya ni maswali ya kihakiki. Yanaweza kuulizwa kwa riwaya, kwa filamu na kwa sarufi. Hayahitaji hata dalili moja ya macho yanayong'aa.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, alichapisha riwaya Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, nacho kinamfikisha katika nchi nyingine yenye haki. Haina roboti, na wahakiki wa bunilizi za kisayansi hawaitaji mara nyingi. Lakini jina la nchi hiyo, likikatwa vipande vyake, husomeka: wale ni sisi. Hakuna kipimo kinachoweza kutoa matokeo hayo, kwa kuwa kila kipimo huanza kwa kuwatenga wale na sisi ili kipate cha kupima.

Luba Luft hakuwa na muda wa kulisubiri jibu la swali lake. Aliuawa saa chache baada ya kuuliza, na aliyemuua alipasi mtihani. Mhakiki anayeifungua tena riwaya hiyo akianza kuhesabu dalili na akumbuke kwamba swali lilelile limekwisha kuulizwa, na kwamba halikuelekezwa kwa Deckard peke yake.